Pale Magreti Aliposhindwa

Lori la kambi ya mradi wa karanga lilizama matopeni njiani, huko Mandawa, ikawa hakuna tena njia ya kumfikisha mtoto hospitali ya Nachingwea. Magreti alikaa mkekani ameshika kisigino cha mwanawe. Kwa homa, kilikuwa kinachoma kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Mumewe, mwalimu wa dini, akaanzisha Baba Yetu. Magreti akamfuatisha hadi pale pa kumwambia Mungu afanye apendavyo. Ulimi ukagoma.

"Endelea, mama."

"Hapo sipawezi, Mwalimu."

"Tunaisali kila siku."

"Kila siku nilikuwa nasema tu. Leo nimesikia ninachosema."

"Mwache, shemeji," alisema jirani yao Mwislamu, aliyekuwa akimpepea mtoto kwa ncha ya kanga. "Usimlazimishe."

Magreti akafumba macho. Kwa mara ya kwanza akasema maneno ambayo hakufundishwa na mtu.

"Yesu, sitaki umchukue. Usiondoke lakini. Kaa hapa na mimi."

Mumewe akarudia sala toka mwanzo, polepole. Alipofika palepale, naye hakuweza kupasema.

Magreti akasogea, akampa nafasi mkekani.