Wingu Lisilohama

"Hilo hapo!" Mama Dorca alinyoosha kidole juu. "Ama mnataka niwashike mkono niwapeleke?"

Wanawake wa bichi, ule ufuo wa wavuvi chini kidogo ya Kisian, waliacha kugeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye neti za kukaushia wakacheka. Lornah, msichana wa utafiti, hakucheka. Asubuhi ndege ya watafiti wenzake ilikuwa imepita juu ya ziwa ikitafuta mawingu membamba ya huko juu kabisa, yale ambayo jicho huyapita bila kuyaona. Setilaiti nayo ilikuwa imechungulia kutoka huko angani. Zote mbili zilileta neno moja: leo hakuna kitu.

"Kitendawili!" Mama Dorca akapaza sauti.

"Tega!"

"Pazia langu jembamba, halina kamba wala msumari."

"Wingu!"

"Eh! Hata Atieno, aliyekimbia shule kwa sababu ya hesabu, amejua. Mashine iliyosomea ng'ambo haijui!"

Atieno alikodoa macho juu, akakohoa. "Mimi pia naliona, Mama. Kwa mbali."

Wengine nao wakaliona. Jamani, nani angebisha? Ulimi wa Mama Dorca ungemparua samaki ngege magamba akiwa bado majini.

Aliyekuwa na kazi siku hiyo ni Ondiek, mwenyekiti wa bichi. Alipaswa kuamua kama mitambo ya Lornah itabaki pale ufuoni au itaondoka. Mashtaka yalikuwa ya Mama Dorca: tangu Pasaka, ndege hiyo ilipoanza kuzungukazunguka, anga limechafuka na jua limepoteza makali.

"Tazama hii," alisema, akimsukumia mwenyekiti konzi ya omena puani. "Zamani ilimetameta kama kijiko kipya. Sasa ni majivu ya jiko."

Ondiek aliigeuza omena kiganjani. "Lakini wateja hawajalalamika, Mama."

"Wateja wa siku hizi wanaona nini?"

Kicheko kikapasuka tena. Lornah alingoja kitulie. "Mama, mawingu ya juu vile hayakai. Upepo wa huko unakimbia sana. Lako limekaa tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka! Mvua imenyesha ikaisha, liko. Upepo umeng'oa mabati ya kanisa, liko. Lina adabu kuliko nyinyi watu wa leo hapa, kesho Sondu."

Lornah alisogea karibu, akamchungulia machoni. "Mama, umewahi kwenda kupimwa..."

"Nimewahi kwenda kila mahali, nyathina, mwanangu. Nimewahi hata kuzaa watu wa rika la mama yako. Rudi kwa laptop yako ukaiulize kama jua limechomoza."

Basi msichana akarudi kwenye mitambo yake. Utamwambia nini mtu ambaye bichi nzima inamshangilia?

Ondiek alijikuna kidevu, akasimama. "Mimi sijasoma mambo ya angani. Lakini macho ya bichi nzima hayawezi kukosea, mashine mbili ziwe sawa. Binti, fungasheni."

Vigelegele vilipanda. Lornah aliinama kukunja nyaya zake, na Mama Dorca akampitia karibu makusudi, akivuta leso yake kama bibi harusi. "Ukifika kwenu Nairobi, wasalimie wenye miwani. Waambie kuna mwanamke huku anaona bure."

Mkutano wa bichi haufungwi bila sala, na sala ilikuwa ya mshindi. Wakaingia wote kwenye banda la kuhifadhia omena, lisilo na dirisha, mabati yake meusi kwa moshi. Vichwa vikainama. Macho yakafumbwa.

Mama Dorca peke yake aliinua uso juu, kama alivyozoea, amshukuru Nyasaye, Mungu wake, kwa macho mawili makali.

"Baba..." akaanza.

Wenzake wakangoja. Atieno akafumbua jicho moja.

Pale juu, chini ya mabati, lile wingu la tangu Pasaka lilikuwa limetangulia kuingia.