Bidoni Nyuma ya Bafu

Sidonie alipiga magoti nyuma ya bafu, akaizamisha sumaku ya spika ya redio ndani ya bidoni, dumu la maji machafu, akaivuta kwa uzi. Ilitoka imefunikwa na unga mweusi. Akaifuta kwa kitambaa, akaizamisha tena. Mumewe, Esdras, angekuja kuichukua bidoni hiyo kabla jua halijashuka, na hakutakiwa kukuta hata chembe.

Unga wenyewe ulikuwa wa Esdras. Alifanya kazi na watu wa chuo kikuu waliokuja Kashebere kusafisha maji yanayotoka kwenye kituo cha afya, maji yenye mabaki ya dawa na mafuta ya ngozi, yanayoteremka mpaka kijitoni watu wanakoteka. Waliuita nano: chembe ndogo mno zenye chuma ndani, zinazonasa dawa majini, kisha sumaku inazikusanya. Siku moja Esdras aliwaonyesha nyumbani kwa majivuno kidogo. Alitia unga kwenye maji ya bluu ya kufulia, akakoroga, akangoja, akapitisha sumaku, maji yakarudi meupe. Binti zao walipiga makofi. Mkebe wa unga akauacha juu ya kabati.

Sasa mradi ulitaka kulinganisha maji ya kituo na maji ya nyumba za kawaida. Esdras alitoa nyumba yake bila kuombwa. Asubuhi hiyo aliifunga bidoni kwa waya chini ya bomba la bafu, na yote waliyooga na kukojoa humo bafuni yakaingia ndani.

"Banataka maji ya sabuni tu," alisema.

Sidonie hakuwaza lolote mpaka alipokutana njiani na Mama Umuhoza, muuguzi wa kituo.

"Iyo machine ya Goma ya kupima maji haichaguaki, mama," muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini. "Kila kinini, kidonge yoyote yenye muntu anameza, inatoka na mukojo. Na yako pia."

Sidonie aligeuza njia, akarudi nyumbani haraka. Vidonge vyake vya kuzuia mimba vilikuwa ndani ya gunia la maharage, na waliojua ni yeye na muuguzi tu.

Si ukaidi uliomfanya avimeze. Alipomzaa binti wa mwisho alipasuliwa, akavuja damu mpaka wakamwita padri. Daktari aliwaambia mke na mume, hapo hapo kitandani, kwamba mimba nyingine itamzika. Mama mkwe akasema nyumba bado haina mtoto mwanaume. Esdras akasema daktari si Mungu.

Esdras akigundua, atamrudisha kwa kaka yake huko Ngungu, na wasichana watabaki. Au hatamrudisha, na hilo lilimtisha zaidi. Kukimbia hakukuwa na njia, barabara ilikuwa imefungwa tena. Kuyamwaga maji pia hakukuwezekana: waya ulikazwa kwa koleo, na maji yangepita uani mbele ya mama mkwe, aliyeketi akipukuchua maharage huku macho yake yakifanya kazi nyingine. Kilichobaki ni ule mkebe juu ya kabati: akatia unga wake majini unase dawa, kisha akaanza kuutoa kwa sumaku.

Sumaku ilipotoka safi, alikoroga kipande cha sabuni ili povu lirudi, akauficha mkono wake mweusi ndani ya kitenge.

Esdras alikuja, akakata waya, akainusa bidoni.

"Povu iko kidogo," alisema.

"Sabuni njo ilikuwa kidogo, Papa."

Alicheka, akaibeba.

Kungoja majibu kulimmaliza Sidonie. Alipika ugali ukaungua, aliitwa akashtuka. Kilichomuumiza zaidi ni wema wa mumewe. Wanaume wa Kashebere hawapikii wake zao chai. Esdras alianza tangu mavuno, na mtaa mzima ukamtania kwamba mke wake amemlisha kitu. Alimletea kikombe kila asubuhi, chai yenye tangawizi nyingi na uchungu kidogo, akasimama hapo mpaka kiishe. Sidonie aliona aibu. Mtu anakuamkia na chai, nawe unamficha jambo la nyumbani kwake.

Majibu yaliingia kwenye simu ya Esdras asubuhi moja ya mvua. Aliyasoma mlangoni, kikombe mkononi.

"Maji ya kituo iko na dawa ya kila namna," alisema, akimpa chai yake. "Ya kwa jirani yetu Papa Léonard iko na dawa ya malaria, na mafuta ya kujichubua. Nani angewaza?"

"Na ya kwetu?"

"Ya kwetu haina kitu. Hata dawa moja."

Furaha ilimjaa Sidonie. Tangu siku ya bidoni hakuwa amevuta pumzi ikafika chini. Alikiinua kikombe ili kimfiche uso, akanywa chai yote.

Esdras hakuondoka. Alikipokea kikombe kitupu, akatazama ndani yake, kisha akautazama ule mkebe juu ya kabati.

"Njo maana nashangaa, Sido," alisema polepole. "Ile dawa ya kushikisha mimba yenye nakutiliaka mu chai kila asubui, nayo machine haikuiona."