Bi Kuku Apewa Nafasi ya Shujaa

Jogoo, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alimpa Bi Kuku nafasi ya shujaa. "Lakini jukwaani hakuna kutetea kama kuku jike," akamwonya. "Shujaa huwika. Na vifaranga wako wabaki uani."

Bi Kuku akajitahidi kuwika mpaka sauti ikamkauka, akaona haya. Mara Mwewe akawashukia vifaranga. Jogoo akarukia paani. Bi Kuku akawafunika wanawe kwa bawa, akamparura Mwewe usoni huku akitetea kwa sauti yake mwenyewe, hata Mwewe akatoroka.

Jogoo akashuka polepole. "Bi Kuku, shujaa wangu nimemtunga vibaya."

"Basi mtunge upya," Bi Kuku akajibu, akihema. "Keti nikusimulie."

Onyesho la mchezo huo uliotungwa upya lilipokwisha, kuku jike wachanga wote waliokuja kutazama walirudi nyumbani wakitetea njia nzima.