Shimo Nyuma ya Migomba

Siku hizo kila choo mjini kilipima kinyesi, na mtu aliyeonekana na ugonjwa wa utumbo kuvimba alichukuliwa siku hiyohiyo akabadilishwe jeni za kinga ya mwili. Tiba hiyo ilitokana na utafiti wa Daktari Nyamvula.

Asubuhi moja alimkuta mumewe, Kazungu, akichimba shimo nyuma ya migomba, uso umemsawijika.

"Natokwa na damu tangu mwezi jana," alinong'ona. "Sikutaka choo kijue."

"Baba Mbeyu, tiba ipo! Wengi wamepona."

"Na wale ambao hawakurudi nyumbani? Niambie wewe uliyeitengeneza: nikienda, nitarudi?"

Barabarani, gari la afya lilipunguza mwendo. Nyamvula akampokonya mumewe jembe, akaanza kuchimba.