Usikate, Shangazi Amelala

Jamani, zilibaki dakika kumi tu niingie kwenye usaili wa kazi kwa video, usaili wangu wa kwanza tangu nimalize chuo, na intaneti ya nyumbani inatambaa kama konokono! Nikampigia fundi wa kampuni, nikamwambia leo ndiyo mwisho, nawahama.

"Dada, usihame kwa hasira," akacheka. "Zima kila kifaa, kimoja kimoja, tujue kipi kinakula mtandao."

Nikazima televisheni. Nikampokonya mdogo wangu tableti, akanuna. Wapi!

Jikoni nikakuta simu ya bibi imeegemezwa kwenye kopo la sukari, ya moto kama pasi. Kumbe simu ya video inaendelea! Nikanyoosha kidole.

"Usikate!" bibi akaninong'oneza. "Shangazi yako amelala."

Shangazi anaishi ughaibuni, peke yake, na juzi alifanyiwa upasuaji. Kwenye kioo cha simu, blanketi lake lilipanda, likashuka.

"Simu iko hewani tangu lini, bibi?"

"Tangu juzi. Nikikata, nani atajua kama anapumua?"

"Dada, umekipata?" fundi akauliza.

"Sijakipata, kaka."

Nikabeba laptopu yangu, nikaenda kumgongea jirani tuliyenuniana naye mwaka mzima.