Aliyeshusha Kiti

"Safari hii umepiga, kaka," kinyozi alimwambia, mashine ikinguruma nyuma ya sikio. "Hukukimbia hata kidogo."

Redioni ulikuwa ukipigwa wimbo mpya wa bendi yao ya roki. Na Kishindo, mpiga drams wa bendi hiyo kwa miaka kumi na saba, alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ungesema nini, nawe umenyolewa nusu kichwa? Alisikiliza mpaka mwisho, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mpigaji yule, awaye yote, alikuwa mzuri. Alifika kwenye kiitikio bila pupa, akakivuka, akatulia. Kishindo mwenyewe hakuwahi kukifikia kiitikio bila kuongeza mwendo, wenzake wakimfukuzia kama watu walioachwa na basi. Walimtania miaka nenda miaka rudi, na yeye akacheka nao. Hakujua kwamba utani nao una mwisho.

Wiki mbili nzima walikuwa wamemwambia studio imefungwa, mwimbaji anaumwa koo. Koo, eti. Na wiki ijayo bendi ilikuwa inaondoka kwa ziara ya miji tisa, ziara aliyoingojea tangu kichwa chake kina nywele za kuchana.

Alimwacha kinyozi na mashine yake mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba chao cha mazoezi, stoo iliyo nyuma ya gereji. Drams zake zilikuwepo. Alipokaa, magoti yakampanda karibu na kifua. Kiti kilikuwa kimeshushwa. Sasa, kiti cha mpiga drams ni kama mswaki, haazimwi mtu. Kishindo alikaa vilevile, amekunjamana.

Ndipo akaingia shemeji yake, mpiga besi, kaka wa mke wake.

"Nani anakalia kiti changu?"

Shemeji alijifanya anatafuta waya sakafuni. "Usinitie katikati, shemeji."

"Namjua?"

"Unamjua."

"Ananishinda?"

"Hakimbii," alisema shemeji kwa sauti ndogo. "Tumembembeleza miezi mitatu. Alikuwa anakataa kwa ajili yako."

"Lakini akakubali."

"Akakubali. Ila alisema tusikwambie sisi. Atakwambia mwenyewe."

Kishindo hakuhitaji kuambiwa. Mfupi, anamjua, hakimbii: Kipisi. Kipisi aliyefundishwa na yeye bure kwa miaka minne, akashikwa mikono yote miwili na kuonyeshwa namna ya kushika vijiti. Leo mwalimu hafai.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, akamwaga maneno yote bila kupumua. Mguu wa mkewe ukasimama juu ya kanyagio. Alisikiliza bila kumkatiza. Ndivyo alivyokuwa, mwanamke aliyevumilia drams sebuleni tangu wiki ya harusi yao na kushona magauni ya watu katikati ya kelele zile.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimaliza Kishindo.

Mkewe alimkalisha kwenye kigoda, akachukua mkasi, akaanza kumalizia kile kichwa kilichoachwa nusu. Mkasi ulikwenda taratibu, kwa mwendo mmoja. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa plasta. Wiki hizo, alisema, sindano zilikuwa zimemwandama.

"Una hakika ni Kipisi?" aliuliza.

"Nani mwingine?" Hapo Kishindo akalia, mtu mzima na ndevu zake, wala hakuona aibu. "Wamenitupa, mke wangu. Bila ile bendi mimi ni nani? Nimebaki na wewe tu."

Mkasi ukasimama kidogo. "Kesho nenda kwa dada yako ukapumue," mkewe alisema. "Kaa mpaka jioni. Ukirudi tutaongea."

Kesho yake aliondoka, akafika kituo cha basi, basi likaja, likaondoka. Miguu ilikataa. Atakwendaje kunywa chai kwa dada, na huku mtu amekalia maisha yake? Akageuza njia.

Kutoka mbali alisikia gitaa likijaribiwa stooni. Alipita gerejini mbio, na huko, amechutama kando ya pikipiki yenye pancha, alikuwa Kipisi mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

Kishindo alimnyanyua kwa ukosi wa shati. "Nilikunyima nini?" alimuuliza. "Niambie. Katika dunia hii, nilikunyima nini?"

"Mwalimu, mimi nimeleta pikipiki tu. Hao wenzako hata mlango hawajanifungulia. Wamesema wana mazoezi, hawataki mtu."

"Muongo. Wanafanyaje mazoezi na wewe uko hapa?"

Kabla Kipisi hajajibu, drams zikaanza ndani ya stoo. Zilikwenda hatua kwa hatua, bila pupa, zikafika kwenye kiitikio, zikakivuka, zikatulia. Mkono wa Kishindo ukaliachia shati. Aliusogelea mlango, akaukuta umefungwa kwa ndani, akaweka sikio kwenye mbao. Wimbo ulikwisha. Mtu akakohoa.

"Tumalizie huu mmoja, jamani," ilisema sauti kutoka nyuma ya drams. "Mume wangu anarudi jioni, na mpaka sasa sijui nitamwambiaje."