Desturi ya Getini

Jentrix aligonga lango la chuma kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Kidirisha kikafunguka na macho ya Kigen yakatokea.

"Umechelewa," alisema.

"Sijachelewa. Mtihani ni saa nane. Afande, tafadhali."

Huku kwetu kila mwenye kofia na ufunguo huitwa afande, hata yule wa benki, na wengi hupenda. Kigen hakuonekana kupenda lolote siku hiyo. Alimtazama Jentrix kuanzia viatu hadi gauni la kuazima lililompwaya mabegani, kisha akaangalia gari lililokuwa linanguruma nyuma yake.

"Huyo ni nani?"

"Dadangu, Sandra. Yeye haingii. Ni mimi tu."

"Hata wewe huingii. Bungoma wamepiga simu. Jina lako limetolewa kwa rejista."

Karatasi ya mtihani wa katiba ya Uingereza ilikuja mara moja kwa mwaka kutoka chuo kimoja cha London, ndani ya bahasha iliyofungwa, na chumba cha kuifanyia kilikuwa hapa tu, Kitale. Mwaka uliopita malaria ilimlaza Jentrix siku ya mtihani huo huo. Ukikosa mara mbili, chuo kinakuacha, na hakuna wa kumlilia.

Na alikuwa ameiva. Yeye, Nyaruai na Mama Khairunisa walikuwa wamesoma hadi midomo ikakauka. Vitabu vilikuwa vichache na taa zilizimwa mapema, basi waliulizana maswali gizani, kila mtu kitandani kwake. Mchana Mama Khairunisa, aliyewazidi wote umri, walimvika bakuli la uji kichwani akawa Mfalme. Nyaruai akawa Bunge, kazi yake kumletea sheria azikubali.

"Nikikataa je?" Mama Khairunisa aliuliza siku moja, bakuli likimteleza hadi kwenye nyusi.

"Kwa sheria unaweza," Jentrix alimjibu. "Kwa desturi, huthubutu."

Walicheka mpaka wakakemewa.

Sasa wenzake walikuwa ndani, na yeye alikuwa nje anaumiza ngumi.

Kosa lilikuwa la korti, kama kosa lilikuwepo. Kesi ile ilikuwa imeiweka familia nzima roho juu, na jaji wa Bungoma hakupata siku nyingine ya kusoma uamuzi ila hiyo ya mtihani. Alisoma polepole. Akanywa maji, akasoma tena. Alipomaliza watu walikumbatiana, na shangazi mmoja akapiga vigelegele mle mle kortini. Jentrix alilia pamoja nao. Kisha akatafuta saa ukutani.

"Tumeshinda kesi, na wewe unafikiria mtihani?" Sandra alishangaa. "Mama amechinja kuku wawiri. Watu wamejaa kwa boma, bana, wanakungoja wewe!"

"Nipeleke Kitale kwanza."

"Kitare? Ati Kitare tena?"

Sandra aliwasha gari, akaendesha kwa hasira hadi wakapita Kamukuywa.

"Mimi nina amri," Kigen alisema sasa kupitia kidirisha. "Mtu wa nje haingii saa hii."

"Mimi ni mtu wa nje?"

Swali lilimtoka kwa sauti ndogo. Kigen alikohoa, akatazama pembeni.

"Imeandikwa wapi kwamba mtahiniwa asiingie?" Jentrix aliuliza.

"Haijaandikwa. Ni vile tu tunafanyanga hapa."

Jentrix karibu acheke, licha ya hofu yote aliyokuwa nayo. Hilo lilikuwa swali lenyewe la mtihani, limetoka kwenye bahasha likamfuata getini.

"Basi hiyo ni desturi, afande. Katiba ya Waingereza imejaa mambo kama hayo. Hakuna korti itakulazimisha kuifuata. Inasimama kwa sababu wakubwa wanaifuata, na wakubwa wakiamua vingine, inabadilika. Muulize Madam, mkubwa wako. Mwambie niko hapa nje namngoja."

"Na Madam akikataa?"

"Anaweza," Jentrix alisema.

Kidirisha kikafungwa. Alisikia buti zikienda. Nyuma yake Sandra alizima gari. Huko ndani sauti ya mwanamke ilianza kuita majina, moja baada ya jingine, na kila jina likajibiwa, "Nipo." Alisikia la Nyaruai. Alisikia la Mama Khairunisa. Lake halikuitwa. Akaweka paji la uso kwenye lango, akaomba kama hajawahi kuomba.

Buti zikarudi, zikiharakisha. Funguo zikalia upande wa pili.

"Madam amesema uingie," Kigen alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu. "Lakini Jentrix, wewe umenishinda. Miaka hiyo yote umenililia nikufungulie utoke hii jela. Asubuhi jaji amekuachilia, mchana uko hapa unanililia nikufungulie uingie?"